Tangazo la kukatika maji kwa SMS: watu wanapokea, halafu wanapiga simu kuuliza

Karani_Maji
Wakuu, jumuiya yetu ya watumia maji hutuma tangazo hili kwa wateja wote:

"Ndugu mteja, kutokana na matengenezo ya mtambo yatakayofanyika kesho, kutakuwa na ukosefu wa huduma ya maji kwa baadhi ya maeneo yakiwemo Ng’ambo kuanzia saa 2:00 hadi saa 10:00. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza."

Simu za kuuliza haziishi, na kila mteja tunakatwa SMS nne. Tatizo liko wapi?

Mhariri_Zamu
Neno "maji" linaanza kwenye herufi ya 104. Anayechungulia simu kabla hajafungua ujumbe anaona "Ndugu mteja, kutokana na matengenezo" na kuendelea na shughuli zake. Anza na jambo lenyewe: maji hayatatoka.

"Kesho" iondoe kabisa. SMS ikichelewa, au simu ikiwa imezimwa usiku, kesho ya msomaji si kesho yako. Andika siku na tarehe. "Saa 2:00" nayo inagawa watu: mmoja ataielewa kuwa saa mbili asubuhi, mwingine ataisoma kama saa ya simu yake, yaani usiku wa manane. "Baadhi ya maeneo" ndiyo inayoleta simu nyingi kuliko yote, maana kila mtu anajiuliza kama yumo. Taja mitaa.

Ningeandika hivi:

"Maji hayatatoka Alhamisi 14 Mei, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni: Sokoni, Zahanati na Ng'ambo. Chota Jumatano."

Hizo ni herufi 110 pamoja na nafasi na alama. Radhi nimeiacha makusudi. Heshima kubwa kwa mteja hapa ni kumwambia achote lini.

Fundi_Ujumbe
Mkuu ametibu maneno, mimi niseme gharama. SMS moja hubeba herufi 160, na ikizidi hukatwa vipande vya herufi 153. Lakini angalia kipembe (ile alama ndogo ya juu) cha Ng’ambo kwenye tangazo la kwanza: kimepinda. Kipembe kilichopinda hakimo kwenye orodha ya alama za kawaida za SMS, kwa hiyo ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukizidi. Tangazo lako lina herufi 222. Kwa 67 ni vipande vinne, na kwa kipembe kilichonyooka vingekuwa viwili. Emoji moja huleta hasara ileile.

Word ndiyo huvipinda vipembe yenyewe. Andika kwenye Notepad, au futa kipembe ukichape upya palepale kwenye mfumo mnaotumia kutuma SMS.

Karani_Maji
Asanteni sana. Maji yakirudi huwa na kutu kidogo. Jambo hilo niliweke humo humo kwenye tangazo?

Mhariri_Zamu
Hapana, litume Alhamisi jioni maji yakifunguliwa, ndipo msomaji atakapolihitaji: "Maji yamerudi. Yakiwa na rangi, yaache yatiririke mpaka yawe safi."

Nafasi iliyobaki kwenye lile la kwanza weka "Maswali:" na namba ya simu. Ukituma kwa jina la jumuiya badala ya namba, mteja hawezi kujibu SMS hiyo. Kabla ya kutuma, mpe mtu asiye wa ofisini asome, kisha muulize: "Utafanya nini, na siku gani?" Usimuulize kama ameelewa, atakuitikia tu.