Yule mama wa dirisha la pili ofisi ya leseni kasema kijana wa watu HAJAZALIWA

Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya gari, mikono inatetemeka. Mlioko huku Australia, ndani ndani ya jimbo la New South Wales (NSW), mnamjua, sina haja ya kumtaja. Miwani puani, kalamu ya manyoya, sura ya mtu aliyeamshwa saa nane mchana mwezi wa Ramadhani.

Nimempeleka kijana wa jirani, Mwaborijini (wenyeji wa asili wa huku), miaka 19, akachukue lena, yaani leseni ya mwanafunzi wa udereva. Bibi yake namwita shangazi kama wanavyomwita wote mtaani. Huku nako mzee wa watu ni shangazi tu, hata bila undugu. Yule mama akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena, akasema: "Kwenye mfumo hujazaliwa."

HUJAZALIWA. Futi sita! Ndevu anazo! Amesimama pale anapumua!

Kumbe alipozaliwa wazazi hawakurudisha fomu ya kumsajili, basi hana cheti cha kuzaliwa. Cheti kinapatikanaje? Lete kitambulisho. Kipi? Eti leseni ingefaa zaidi. Wakuu, LESENI!

Shangazi alicheka. Kasema yeye kazaliwa kabla ya 1967, Katiba yao ikisema Waaborijini wasihesabiwe kwenye idadi ya watu, kwa hiyo mjukuu amerithi. Mimi sikucheka. Hujazaliwa, na kivuli chake kimelala juu ya meza yako!

Na akishazaliwa (!), kwa umri wake anadaiwa saa 120 za kuendesha na mwenye leseni kamili pembeni, 20 ziwe za usiku. Kwao nyumba nzima hakuna mwenye leseni. Mjomba aliyekuwa nayo kafungiwa leseni kwa faini ambazo hajalipa. Kabakia mimi. Mji wenyewe ukiingiza gia ya tatu umeshatoka, mbele ni kangaruu tu. Basi la kupanda hakuna. Wakiendesha hivyo hivyo bila leseni kwenda hospitali, wanaishia mahakamani.

Hujazaliwa. Yaani!

ChumaChakavu: Mkuu, fupisha. Kazaliwa au hajazaliwa?

DotoPerth: Saa 120? Hamieni Australia Magharibi, huku ni 50.

MkeWaMtu: Wewe si ndiye ulifeli kuegesha mara tatu? Leo unamfundisha nani?

Mwenye uzi: Mara mbili. Na siyo mada. Mtu kaambiwa hajazaliwa!

Kisiki: Huyo mjomba aulizie kulipa faini kwa kazi au mafunzo, NSW utaratibu huo upo. Na msidhani ni faini za barabarani tu. Hata ya kupanda treni bila tiketi, ukiipuuza leseni inafungwa.

MwanaPemba: Leseni yangu ya nyumbani waliishika kwa ncha za vidole kama kadi ya harusi iliyomwagikiwa mchuzi. Miaka 11 nimebeba abiria mimi! Nikaanza upya na watoto wa shule.

BabaTatu: Afadhali nyie. Mie nipo Mbagala, nimelipia tangu Machi, kila nikienda mtandao uko chini.

ChumaChakavu: Yule wa kwenu si ndiye anayekula karanga kwenye kaunta?

BabaTatu: Huyo huyo! Na maganda anakusukumia wewe!

MkeWaMtu: Mmenikumbusha njaa. Melbourne dona inapatikana wapi?

Kisiki: Footscray, ila wahi asubuhi.

Mwenye uzi: Jamani, kijana HAJAZALIWA.

DotoPerth: Dona bei gani huko?