Tupeane uzoefu: kuhamia jiji geni na mtoto mdogo ili usome uzamili

Mleta mada

Habari zenu wakuu.

Nimepata udahili wa shahada ya uzamili, miaka 2, katika jiji ambalo sina ndugu wala rafiki. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi 4. Baba yake anabaki kazini kwa sababu mshahara wake ndio utakaotubeba, kwa hiyo tunakwenda mimi na mtoto. Zimebaki wiki 9 masomo yaanze.

Kila ninayemuuliza ananijibu "utazoea tu". Nashukuru kwa kunitia moyo, ila namhitaji aliyepita njia hii anieleze: asubuhi ya kwanza yenye kipindi, mtoto ulimwacha kwa nani? Ulikuwa unasoma saa ngapi? Na kipi ungekianza mapema zaidi kama ungerudi mwanzo? Aliyemwacha mtoto kwa bibi yake akaenda peke yake naye aseme, sitamhukumu mtu. Hilo nami nimeliwaza usiku mwingi.

Mama wa binti mmoja

Hongera sana dada. Kaa chini nikusimulie, maana niliyoyapitia sitaki uyapitie.

Nilihama na binti wa miaka 2 na nusu. Nilianza kutafuta nyumba, kama wengi tunavyofanya. Nikapata chumba kizuri, mtaa umetulia, kodi ninaimudu, nikalipa na dalali akachukua chake. Baada ya kufika ndipo nikaanza kuulizia kituo cha kulelea watoto. Cha jirani kimejaa, wakaniandika kwenye orodha ya kusubiri. Chenye nafasi kilikuwa upande mwingine kabisa wa jiji, kiasi kwamba nilikipita chuo kwenda kumwacha mtoto, halafu nikarudi nyuma kwenda darasani. Tulikuwa tunatoka nyumbani giza bado halijaondoka. Binti analala begani kwangu ndani ya basi, mkoba wake mkono mmoja, wangu mkono mwingine.

Kituo kinafunga saa kumi na moja jioni. Kipindi changu cha Jumatano kinaisha saa kumi na moja na nusu. Muhula mzima sikuwahi kusikia mwisho wa kipindi hicho, na kilikuwa cha mbinu za utafiti. Unajua kilinisumbua lini? Mwaka wa pili, nilipokaa kuandika tasnifu. Mambo ambayo wenzangu waliyafafanuliwa dakika zile za mwisho, mimi nilijifundisha peke yangu usiku, mwaka mmoja baadaye.

Muhula wa pili nilihama, kodi niliyokwisha kulipa ikapotea. Safari hii nilianza na kituo, nikaridhika nacho, ndipo nikatafuta chumba cha umbali wa kutembea kwa miguu. Chumba kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza, lakini maisha yalinyooka.

Kwa hiyo ushauri wangu: tafuta kwanza mikono itakayompokea mtoto. Nyumba ifuate. Na ukienda kukagua kituo, usiende asubuhi wakati kila kitu kimepangwa. Nenda mchana, saa ya kulala, uone kila mlezi ana watoto wangapi na anayelia anabembelezwa na nani. Uliza ukichelewa inakuwaje, mtoto akipata homa wanafanya nini, na likizo zao ni tarehe zipi. Hili la likizo usilisahau. Changu kilifunga wiki 2, zikaangukia kwenye mitihani.

Mwanafunzi wa uzamivu

Nakubaliana na dada hapo juu kwa yote ila moja. Mimi kituo nilikitafuta karibu na chuo, sio karibu na nyumba. Mwanangu alikuwa na miezi 9, bado ananyonya, na kati ya vipindi nilikuwa naweza kwenda kumnyonyesha. Wakinipigia simu kwamba anachemka, nafika kwa dakika 10. Kwa mtoto wa mleta mada ningesema inategemea ratiba. Kama vipindi vimetawanyika kutwa, karibu na chuo. Kama una siku 3 tu za darasani na siku nyingine unasomea nyumbani, karibu na nyumba. Omba ratiba idarani sasa hivi, kabla hujalipia chochote. Programu nyingi za uzamili zina vipindi vya jioni kwa sababu wanafunzi wengi wameajiriwa, na jioni ndipo vituo vimefungwa.

Baba wa mvulana

Akina baba nasi tupo, nami nilihama na mvulana wa miaka 3, mke wangu akiwa kazini mkoa mwingine.

Kosa langu lilikuwa kumficha msimamizi wangu. Niliogopa atasema huyu hayuko makini, kaja na mtoto. Basi mtoto akaanza kuugua. Hili nalo jiandae nalo: mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na anayeingia kituoni kwa mara ya kwanza huugua zaidi miezi ya mwanzo, kwa sababu anakutana na vimelea ambavyo mwili wake haujawahi kuvijua. Ndani ya wiki 8 nilikosa vikao 3 na msimamizi. Kila mara natoa sababu ya juu juu: usafiri, dharura, kichwa. Mwisho akaniandikia barua pepe fupi akiuliza kama bado nina nia ya kusoma. Iliniuma mno.

Nikaenda ofisini kwake nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza kidogo, akaniuliza mtoto ana miaka mingapi. Kisha akahamishia vikao vyetu asubuhi, na siku mtoto anaumwa tukawa tunaongea kwa simu. Nilihangaika wiki 8 kwa jambo lililomalizika kwa nusu saa. Najua si kila msimamizi ana utu ule, lakini mwambie wiki ya kwanza, kabla hajakujenga kichwani mwake kama mtu mzembe.

Aliyemwacha kwa bibi

Umesema hutamhukumu mtu, kwa hiyo naandika.

Nilimwacha wangu kwa mama yangu akiwa na miezi 14, muhula mmoja. Hofu ya kutengana na mzazi huwa kali sana kati ya miezi 10 na 18, na mimi niliondoka katikati ya kipindi hicho bila kujua. Niliporudi alinitazama, akaenda kujificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Siku 2 hakunijia. Ya tatu akaja akakaa mapajani, hajatabasamu, amekaa tu, ameshika kidole changu.

Sijuti moja kwa moja. Muhula ule nilifaulu masomo yote, na mama alimlea vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza kwa hali niliyokuwa nayo. Ila muhula uliofuata nilimchukua. Ukiamua kumwacha, usiondoke kwa kunyatia akiwa amelala. Muage, hata kama atalia. Mimi ninalolijutia ni hilo la kunyatia.

Mpita njia

Nyaraka kwa haraka: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo yenyewe sio kopi, bima inayomtaja mtoto. Kama ni nje ya nchi, barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki, na soma masharti ya viza kabla ya kukubali nafasi. Uingereza, kwa mfano, tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa kusoma darasani hawaruhusiwi tena kuja na familia. Wa utafiti wanaruhusiwa.

Mama wa mapacha

Kuhusu muda wa kusoma. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Saa hizo ndizo utakazosomea, hivyo zilinde. Mimi nilikuwa nawalaza saa moja na nusu usiku bila kubadilisha, nalala nao, naamka saa kumi alfajiri kichwa kikiwa chepesi. Nilijaribu kukesha, nikawa nasoma ukurasa mmoja mara 4.

Wiki za mwanzo jiji geni litamvuruga usingizi. Usinunue kila kitu kipya. Blanketi lile lile, wimbo ule ule, taa ile ile. Nenda mapema, akizoee chumba kabla hajakutana na kituo.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara 2, na hapo kwa bibi nililia.

Leo nimeomba ratiba idarani. Vipindi ni siku 4, na kimoja kinaisha saa kumi na mbili jioni. Nimepiga simu vituo 5 karibu na chuo, kimoja kinafunga saa moja usiku na kina nafasi. Nakwenda kukiona wiki ijayo, mchana, saa ya kulala. Baba yake ameomba likizo, atakaa nasi wiki 2 za mwanzo. Msimamizi bado sijapangiwa, ila barua ya kumweleza nimeshaiandika.

Na blanketi lake nimelitoa kwenye nguo za kufua. Litasafiri hivyo hivyo na harufu ya nyumbani.