Eti "toa elfu tano nimuamshe simba"! Nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka

Wakuu, habari za mchana. Yangu mbaya.

Ile bustani ya wanyama ya hapa mjini mnaijua, siitaji. Na yule jamaa wa banda la simba mnamjua vilevile, yule wa kofia, mwenye kipande cha bomba la chuma mkononi kama fimbo ya uchifu. Kama umefika pale hata mara moja umeshakutana naye. Simtaji.

Mara ya mwisho niliingia pale nikiwa darasa la nne. Tulipakiwa kwenye basi la kukodi kama dagaa, shati la shule limelowa juisi ya ukwaju. Simba alinguruma mara moja tu, kifua kikanitikisika mpaka mbavu, nikang'ang'ania sketi ya mwalimu hadi tunatoka. Sikuwahi kumsahau yule mnyama. Leo nina miaka 36, nimerudi na kamera ya mtumba niliyoiwekea akiba mwaka mzima na lenzi ya milimita 300, nimpige picha moja tu ya heshima.

Getini nikaambiwa kamera kubwa inalipiwa, simu bure. Nikalipa. Hilo nimesamehe.

Nikachuchumaa mbele ya banda tangu saa tatu na nusu. Wasiojua picha niwaambie: ukitaka waya wa banda usionekane, sogeza lenzi karibu na waya kadiri kizuizi kinavyokuruhusu, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, halafu umsubiri mnyama awe mbali na waya. Waya unayeyuka wote, anabaki mnyama peke yake kama yuko porini. Lakini lazima usubiri. Nimesubiri mpaka magoti yamekufa. Watoto wa shule mbili tofauti wamepita wakaniacha pale pale.

Saa tano kasorobo jua likapenya kwenye majani ya mwembe likamfikia usoni. Kalaza kidevu juu ya miguu ya mbele. Kipande cha nyasi kimenasa kwenye manyoya ya shingo, nzi katua kwenye sikio lenye pengo. Jicho moja likafunguka nusu, rangi ya asali mbichi. Kidole changu kiko kwenye kitufe.

"Dada, toa elfu tano nimuamshe."

Wakuu. ELFU TANO. NIMUAMSHE. Kama simba ni jenereta!

Nikamwambia kaka yangu, sitaki aamshwe, simba hulala hata saa 20 kwa siku, ndivyo alivyoumbwa, mwache. Akanitazama kama nimemtukania mama. Akageukia vijana watatu wenye simu, wakamchangia, na hapo hapo akaligonga lile bomba kwenye nguzo ya banda, KWAA! KWAA! KWAA! Kutu inadondoka kwenye lenzi yangu. Nadhani hata wavuvi wa Zanzibar wamesikia. Simba kashtuka, kajikunyata, mkia katikati ya miguu, kakimbilia chumba cha nyuma. Hakurudi. Nimekaa saa nyingine nzima, hakurudi.

Halafu jamaa akanigeukia, anatabasamu, akaniuliza: "Haya, umepiga?"

Umepiga! Mnyama niliyemwogopa utoto wangu wote kaingia ndani kama mbwa aliyepigwa teke, na mtu ananiuliza umepiga? Nimepanda daladala nalisikia hilo neno. Nimekunywa maji nalisikia. Umepiga?

Fundi Saa: Haya, umepiga?

Mleta mada: Nilijua tu kuna mtu ataanza.

Chenza Bichi: Uzi wa picha hauna picha. Weka basi hata ya huyo nzi.

Mleta mada: Ninayo moja, mkia unaingia mlangoni. Siiweki. Ile si picha ya simba, ni picha ya aibu yetu.

Kijana wa Kona: Dada miaka 36 unachuchumaa saa nzima na zaidi mbele ya paka mkubwa aliyelala, halafu mwenye kosa ni jamaa? Nyumbani hakuna vyombo vya kuosha?

Mama Pacha: Wewe Kijana wa Kona kaoshe vyako. Mwenzako kaumia. Mimi wanangu jamaa huyo huyo aliwaambia simba anakula watoto wasiomaliza uji. Mpaka leo mdogo hataki uji kabisa, anasema bora aliwe. Naomba mnisaidie uji gani mtoto wa miaka minne anaweza kuupenda.

Nahodha Mstaafu: Vijana hamjaona bustani ya wanyama. Sisi wa Mwanza tulikuwa na Saanane, kisiwa kizima ndani ya Ziwa Victoria, imeanzishwa 1964. Unavuka kwa boti, upepo unakupiga, unafika ukiwa na adabu. Sasa hivi ni hifadhi ya taifa, tangu 2013, na mjini unapaona kwa macho. Hakuna mtu wa kugonga bomba. Uji wa ulezi, mama, weka ndizi mbivu.

Chenza Bichi: Nahodha usitupige kamba, tumbili wa kisiwani si wanaiba?

Nahodha Mstaafu: Tumbili anaiba kila mahali. Chapati yangu ilichukuliwa mkononi, tena nilishaikunja na maharage. Hilo sikulileta jukwaani.

Jirani wa Reli: Mnamlaumu jamaa bure. Mnajua mshahara wake? Hiyo elfu tano ndiyo nauli na chakula cha jioni.

Mleta mada: Kama ni nauli angeniomba nauli, ningempa na ya kesho. Yeye kaniuzia usingizi wa simba. Na baada ya kumfukuza, kaniuliza umepiga!

Jirani wa Reli: Sasa si ungesema tu umepiga, mambo yaishe?

Mleta mada: SIJAPIGA!

Mzawa wa Kitonga: Dada usihangaike na mabanda. Panda basi la Iringa asubuhi. Barabara kuu inakatiza hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, unaona twiga, pundamilia, swala, tembo ukiwa na bahati, kwa nauli ile ile ya basi. Hakuna anayemwamsha mtu.

Fundi Saa: Kwa kasi ya yale mabasi atapiga picha ya mkia tena.

Mzawa wa Kitonga: Mle ndani kuna matuta na mwendo una kikomo, ukigonga mnyama unalipa. Dereva anatulia mwenyewe. Tatizo ni siti. Nililipia ya dirishani, nikakuta dirisha lenyewe limebandikwa matangazo nje. Tembo nilihadithiwa na abiria wa pembeni.

Mama Pacha: Afadhali wewe ulikuwa na siti. Mimi konda alinikalisha kwenye ndoo na mapacha wote wawili, nauli kamili.

Kijana wa Kona: Na ile hoteli ya njiani mnayoshushwa dakika kumi je? Chipsi zimekaangwa tangu juzi, kuku ni shingo tupu, ukiuliza chenji honi inapigwa. Nilikimbia na sahani mkononi. Ninayo mpaka leo.

Chenza Bichi: Ile ya plastiki nyekundu? Na mimi ninayo!

Mleta mada: Jamani tunazungumzia simba.

Jirani wa Reli: Shingo tupu halafu elfu nane. Yule mama wa kaunta naye anajulikana, simtaji.

Nahodha Mstaafu: Asitajwe. Mimi alinirudishia chenji kwa pipi, nina kisukari.

Mama Pacha: Hoteli yenyewe ni ile ya kabla ya mizani au baada?

Kijana wa Kona: Baada. Ya kabla ina supu nzuri.