Video fupi zinabadilisha muziki wenyewe au ni masikio yetu tu?

mpenzi_wa_besi:
Habari zenu wadau, kuna kitu kinanisumbua naomba mawazo yenu. Nakaa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 9. Juzi alikuwa anaosha vyombo huku anaimba, korasi anaipiga vizuri kabisa mpaka zile pumzi za mwimbaji anazitoa, ila akifika mahali fulani anakata katikati ya neno anarudi mwanzo, tena na tena. Nikamuuliza mbona humalizii mstari? Akanishangaa, "anko si ndo unaishia hapo". Ikabidi niutafute, kumbe wimbo una dakika tatu na ubeti wa pili ndo wenye stori yote, yeye anajua sekunde 15 zilizozunguka TikTok, na lile neno linakatika palepale klipu inapokatika.

Sasa swali, muziki wenyewe ndo unabadilika au ni sisi tu tunavyosikiliza? Maana YouTube ilipoanza 2005 mimi naona ilitufanya tusikilize zaidi, unaweka wimbo mzima unarudia hata mara kumi mpaka umeshika kila neno.

fundi_wa_mitambo:
Mkuu unabadilika wenyewe, nakwambia kama mtu ninayeshinda studio. Mwezi uliopita kuna kijana tulimaliza wimbo wake, mwanzo una gitaa tupu sekunde 28 halafu ngoma inaingia taratibu, mi mwenyewe nilikuwa nikifika home usiku nausikiliza. Akarudi akasema anayemsimamia anataka korasi ianze sekunde ya kwanza na kiwepo kipande ambacho watu wataigiza kwa mikono. Nikakata. Wimbo ukabaki dakika mbili na kidogo, na kweli kwenye simu unashika haraka, lakini ile korasi ilikuwa inauma kwa sababu ulikuwa umeisubiri, sasa hivi inakuja kabla hujakaa vizuri.

Simlaumu kijana. Kwenye Spotify, ile app ya kusikilizia muziki, mtu asipofikisha sekunde 30 hahesabiwi kama amesikiliza, na kwenye video fupi kidole kinapandisha ukizubaa kidogo tu, sasa nani atathubutu kuweka gitaa sekunde 28? Old Town Road ya Lil Nas X ilivyotoka mwanzo haikufika hata dakika mbili na 2019 ilikaa namba moja Marekani wiki 19, wenye pesa wakaona wakajifunza. Halafu tusisahau hata hizo dakika tatu tunazoziona ndo za kawaida zilitokana na zile sahani za santuri za zamani, upande mmoja ulikuwa unabeba kama dakika tatu hivi basi. Chombo siku zote kimeupangia wimbo urefu, ila hiki cha sasa kinapanga mpaka korasi ikae wapi na hilo ndo linaniuma.

hatua_mbili:
Fundi nakuelewa lakini mi niko upande wa wachezaji na naona kitu kingine kabisa. Chukueni Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode. Wimbo wa Afrika Kusini, kwa Kizulu, ulitoka 2019, na maneno yake ni sala, mtu anaomba aongozwe asiachwe hapa. Mwanzoni mwa 2020 kundi la wachezaji wa Angola likarekodi video wanacheza uani, sahani za chakula mkononi, wengine wanatafuna huku miguu inakwenda pamoja. Basi. Corona ilipobana mkaona wenyewe manesi, mapadri, mapolisi, mpaka Ulaya huko watu wanapiga zile hatua. Wengi wao hawakuelewa hata neno moja la Kizulu lakini nani ataniambia ile sala haikufika? Hakuna redio ingeupeleka wimbo wa Kizulu mbali vile kwa muda ule.

Kinachoniumiza mimi ni jina la aliyetunga hatua. Mnaikumbuka chalenji ya kucheza ya Renegade kule TikTok? Aliyeitunga ni binti wa miaka 14 wa Marekani, 2019, wenye wafuasi wengi wakaicheza wakapata umaarufu na yeye hatajwi popote, mpaka watu walipopiga kelele mwanzoni mwa 2020. Wimbo una mwenyewe na mfumo unamtambua, YouTube ina Content ID tangu 2007, ukiweka sauti ya mtu inakamatwa. Hatua zetu nani anazikamata? Unakaa siku nne mbele ya kioo unatafuta namna ya kugeuza bega ili liingie kwenye besi, kesho yake unaliona bega lako kwa mtu mwingine na anashangiliwa yeye.

redio_mkononi:
Naongeza moja tu, hii haijaanza na TikTok. Billboard, wale wanaopanga chati za nyimbo Marekani, walianza kuhesabu YouTube kwenye chati yao 2013 na tangu hapo video ya shabiki tu ikaweza kupandisha wimbo. Na haibebi vipya peke yake, Dreams ya bendi ya Fleetwood Mac ni ya 1977, ilirudi kwenye chati 2020 kisa jamaa mmoja kajirekodi anateleza na ubao wa magurudumu huku anakunywa juisi. Vijana waliozaliwa miaka mingi baadae wakaenda kuutafuta mzima. Kwa hiyo klipu inaweza pia kuwa mlango, inategemea kama kuna mtu wa kumshika mtoto mkono aingie ndani.

mpenzi_wa_besi:
Nimewasoma wote, asanteni sana. Redio hilo la mlango nimelifanyia kazi jana, nimemkalisha dogo nikamwekea wimbo wote. Lile neno lilipopita bila kukatika akageuka kuniangalia macho yamemtoka, ubeti wa pili akanyamaza kabisa, mwisho akauliza "kwa hiyo yule mama alirudi?" Tukaurudia mara tatu.

Dada au kaka hatua_mbili, la bega nimelibeba, nilikuwa sijawahi kulifikiria hata siku moja. Na fundi, ile gitaa ya sekunde 28 umeifuta au bado unayo? Muombe kijana ruhusa utuwekee hapa, mi nitaisikiliza yote.