Katuni za picha moja moja nyumbani: tuanze na karatasi, plastisini au Lego?

Mjomba_wa_Tandika: Habari zenu wakuu. Nina simu ya kawaida, meza moja, na mtoto wa dada yangu mwenye miaka tisa asiyenipa pumzi: anataka tutengeneze stopu mosheni, zile katuni za kusogeza kitu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Ipi haitatukatisha tamaa mapema: vikaragosi vya karatasi, watu wa plastisini (ule udongo laini wa kuchezea), au Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha vyenye vijitu vyake? Na kamera ninunue?

Mkasi_Mkali: Karatasi. Simu inatazama chini, vipande vimelala mezani, hakuna kinachoanguka. Mtu usimkate mzima. Kichwa, mikono na miguu viwe mbalimbali, viungo ufunge kwa uzi wenye fundo kwa nyuma. Shida yake ni kugeuka: anayetazama kulia atatazama kulia mpaka umkatie mwenzake wa kushoto. Wala si mchezo wa watoto tu. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitengeneza filamu ndefu kwa vivuli vya karatasi, ikatoka 1926. Halafu zima feni. Mimi sikuzima, shujaa wangu akapaa katikati ya harusi.

Bi_Shamimu_Tanga: Mkasi, karatasi haikunji uso! Plastisini unaibonyeza kidogo tu, mtu kanuna. Ila nikubali, joto la huku pwani linaionea. Mchana mikono inalegea na alama za vidole zinajaa, kwa hiyo mimi napiga usiku, na mtu wangu anakaa kwanza kwenye friji. Msidanganyike na udongo wa mfinyanzi, utakauka na kupasuka kabla hadithi haijaisha. Plastisini ina mafuta, ndiyo maana haikauki. Ndani weka waya wa alumini uliousokota mara mbili. Ule wa kufungia nondo ukiukunja sana unakatika, tena mguu ukiwa hewani. Na miguu iwe minene jamani, wembamba wote huanguka.

fundi_fremu: Mnabishania kitoweo na jiko halijawashwa. Kazi nyingi za wanaoanza zinaharibiwa na vitu viwili: simu kutikisika na mwanga kubadilika. Sinema huenda kwa picha 24 kwa sekunde, nyumbani 12 zinatosha. Sekunde 10 ni picha 120. Wingu likipita dirishani katikati ya hizo 120, katuni yako itapepesa kama taa mbovu. Funga pazia, washa taa ya mezani, usihame ulipokaa, na usivae shati jeupe maana linarudisha mwanga. Simu ibane kwa stendi, au uifunge kwa mpira kwenye kopo lililojaa mchanga. Simu nyingi ukigusa skrini na kushikilia, fokasi (ukali wa picha) na mwanga hujifunga, zisibadilike kila picha.

Programu: Stop Motion Studio ina toleo la bure, na inakuonyesha picha iliyopita kwa ukungu juu ya unayotaka kupiga, kwa hiyo unajua umesogeza kiasi gani. Dragonframe ni ya kulipia, ya wenye kamera kubwa na kompyuta. Kamera usinunue, mkuu.

Mwl_wa_Zamu: Lego naitetea kwa jambo moja: miguu ya vijitu vyake inashika kwenye vinundu vya bamba la chini, kwa hiyo mtoto anahesabu, kinundu kimoja picha moja. Lakini miguu yenyewe huenda mbele na nyuma tu, na bei si ya mchezo. Darasani kwangu tulianza na vizibo vya soda. Havina mikono wala uso, mtoto anajifunza kitu kimoja tu: mwendo. Kikianza safari sogeza kidogo kidogo, katikati hatua ndefu, kikikaribia kusimama punguza tena. Ukisogeza sawasawa mwanzo mpaka mwisho kinaonekana kuburutwa.

Bi_Shamimu_Tanga: Hapo kwenye mwendo mwalimu nakuunga mkono. Mimi nilikuja kulijua hilo baada ya kumaliza paketi mbili za plastisini.

Mjomba_wa_Tandika: Wakuu, jana usiku tumejaribu. Vizibo viwili vinafukuzana, picha 48, sekunde nne, imetuchukua karibu saa nzima. Kwenye picha ya 31 kimebaki kidole changu. Nilitaka kuifuta, mtoto kakataa kabisa, anasema hilo ndilo jitu. Sasa leo anataka jitu lirudi, na mimi sikumbuki kidole kilikaa wapi.