Mkuki kwa nguruwe: Lex wa Survivor hana haki ya kulilia usaliti

Wakuu, nimekereka na leo sinyamazi. Survivor ni ile shoo ya TV ya Marekani ambapo washiriki wanaishi porini na kutoana kwa kura, hadi mwisho waliotolewa wanamchagua mshindi. Kila ukitajwa msimu wake wa mastaa wa 2004, watu wanajipanga kumlilia mshiriki mmoja, Lex van den Berghe. Oh, mshiriki mwenzake Rob Mariano alimgeuka! Oh, walikuwa marafiki! Ya Kenya mmeyasahau?

Turudi Shaba, kule Isiolo, 2001, msimu ambao Lex alicheza Kenya. Watu 16 porini, boma la miiba, moto unakokwa usiku kucha kwa sababu ya simba, na mshindi anaondoka na dola milioni 1. Kambi mbili, Boran na Samburu, zikaunganishwa. Kura ya kwanza baada ya hapo akatoka Clarence, lakini karatasi moja ilikuwa na jina la Lex. Moja tu! Aliyeiandika ni Teresa, na sisi watazamaji tulijua.

Roho ya jamaa haikutulia. Akawa anamvuta huyu pembeni, anamvuta yule, anawahoji kama polisi. Teresa kakausha, uso mkavu kabisa. Mwisho Lex akaamua mbaya wake ni Kelly Goldsmith, mtu wa Boran mwenzake, aliyekula naye shida tangu siku ya kwanza. Ushahidi? Hakuna, ni machale yake tu. Kelly alipoona hata akikana haaminiki, ndipo akaenda kutafuta kura kwa Samburu. Wewe ungekaa tu usubiri kuchinjwa? Lex naye akampata Brandon kutoka huko huko Samburu, hesabu ikatimia, Kelly akatoka kwa kura ambayo hakuipiga. Baraza la kura lililofuata, Brandon naye nje. Hayo yote mliyaita akili ya mchezo.

Sasa njooni Panama, 2004, huo msimu wa mastaa. Kambi zimechanganywa, Amber Brkich, mshirika wa Rob, kajikuta peke yake upande wa Lex. Rob akamwomba Lex amlinde Amber, naye atamlinda huko mbele. Lex akakubali, wakamtoa Jerri Manthey. Jerri alikuwa wa kambi yake! Yaani kamtoa mwenzake kwa ahadi ya mpinzani, tena ahadi ya mdomo. Kambi zilipoungana, wa kwanza kuonyeshwa mlango ni Lex. Ndipo akakumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa urafiki.

Rob simtetei. Aliahidi, akavunja, na fainali Amber akamshinda kura 4 kwa 3. Ni sawa kabisa, jopo la waliotolewa liko pale kwa kazi hiyo. Kinachoniuma ni kuona anayependwa akimtosa mwenzake anaitwa fundi, akitoswa yeye tunaitishiwa matanga. Kelly hakuna aliyemlilia, na yeye ndiye aliyeadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine.

Anayetaka kumtetea Lex aje, namsubiri. Ila aanze na Kelly: alimkosea nini?