Mkwe wangu ana povu kichwani, fundi sola ananiuliza "anawahi wapi?"

Mwana Isyesye (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku vidole vinatetemeka, sijui ni hasira sijui ni hii baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba. Vyote viwili.

Kuna mtu hapa mjini anafunga sola. Jina simtaji, mnamjua. Yule mwenye ngazi ndefu kuliko akili, anaifunga ubavuni mwa pikipiki, akipita Mafiati watu wote wanainama. Yule ambaye kila akifungua mdomo ni "kitaalamu". Eeeh, huyo huyo.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi baba mkwe yuko bafuni kwangu. Sio shemeji. Sio mpangaji. BABA MKWE, mzee aliyenipa binti yake na ng'ombe wenyewe sijamaliza kutoa. Kaja jana kutoka Tukuyu, saa mbili anatakiwa Iyunga kwenye kikao cha mahari ya mjukuu. Kajipaka sabuni mwili mzima, kichwa chote povu, anafungua bomba lenye alama nyekundu, yanatoka maji ambayo nahisi yametandikiwa bomba moja kwa moja kutoka Kitulo. Mzee hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona. Kaita tu taratibu: "Mkwe... hili jekundu ndilo la moto?"

Nikampigia fundi. Mke wangu akasema weka loudspika na mimi nimsikie. Hilo ndilo kosa la maisha yangu. Simu iko mezani, mkwe kasimama mlangoni kajifunga taulo la mwanangu lenye picha za samaki, povu limeganda kichwani, meno yanagonga kama cherehani. Namweleza fundi vizuri, kwa adabu. Mtu huyu akapiga miayo, nimeisikia kwa masikio yangu, akasema:

"Sasa bosi, mzee mzima anaoga saa kumi na mbili asubuhi, anawahi wapi?"

ANAWAHI WAPI. Kwenye loudspika. Mkwe anasikia.

Wakuu, huyu nimempa milioni moja na laki sita. Paneli mbili za umeme, betri moja, inveta, na lile tenki la lita 100 lenye mirija ya vioo juu ya bati. Siku anafunga aliniambia maji yatakuwa ya kunyonyolea kuku. "Kitaalamu bosi hii ni kama chupa ya chai, ukijaza jioni asubuhi unamimina." Mimi nimemimina barafu. Akaniambia tena kuna hita ndani ya tenki, siku ya mawingu iwashe tu, sola itaibeba. Leo nimeiwasha. Inveta ililia piiiiii kama mbuzi anayeona kisu, taa zikazima, redio ikazima, na nje bado giza. Mkwe gizani na povu lake.

Halafu mtu ananiuliza anawahi wapi.

Sitaki ushauri. Nataka mjue tu. Anawahi wapi!!!

Sweta Mbili

Nimecheka mpaka mteja kaniacha. Pole sana mkuu. Ila kweli, alikuwa anawahi wapi?

Mwana Isyesye

Nimeandika. IYUNGA. KIKAO CHA MAHARI. Soma uzi.

Dada wa Ilomba

Si yule anayekula cha mchana kwa mteja halafu anaomba na cha kubeba? Kwangu alipanda juu ya bati saa nne, akashuka saa tisa. Bati tatu zimebonyea, taa moja haiwaki. Kumuuliza, ananiambia "dada, taa inazoea mazingira". Huu mwaka wa pili bado inazoea.

Lori la Tunduma

Uzi bila picha haujakamilika. Leta picha ya tenki. Na ya mkwe.

Mwana Isyesye

Ya mkwe utaiona mbinguni. Ya tenki hiyo hapo, nimesimama barabarani kuipiga. Angalieni wenyewe kama kuna kasoro kwa upande wangu. Limekaa vizuri kabisa, limeangalia barabara. Alisema likionekana na wapita njia hata nyumba inapanda hadhi.

Spana Kumi na Tatu

Mkuu, nyuma ya hilo tenki naona mlima. Huo ni Loleza au macho yangu?

Mwana Isyesye

Ndiyo Loleza. Inahusiana nini na mkwe wangu?

Spana Kumi na Tatu

Loleza iko kaskazini ya mji. Maana yake tenki lako limeipa kaskazini mgongo na linatazama kusini. Sisi hapa tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana linalala upande wa kaskazini. Mirija inatakiwa itazame Loleza. Yako inatazama bodaboda. Hivi vitu sio tangazo, ni kama sufuria: ukiliweka pembeni ya moto usililaumu.

Pili, huo mti unaoning'inia juu yake ni nini?

Mwana Isyesye

Mparachichi. Kivuli kinaingia saa tisa tu, asubuhi hakuna shida.

Spana Kumi na Tatu

Saa tisa tu, anasema. Haya, swali la mwisho. Jana jioni wameoga wangapi?

Mwana Isyesye

Wageni.

Spana Kumi na Tatu

Wangapi mkuu.

Mwana Isyesye

Tisa. Ila wanne ni watoto, hawahesabiki.

Ulanzi Baridi

HAHAHAHAHA watoto hawahesabiki! Ndio wanaomaliza maji! Wangu akiingia bafuni anafuga samaki kabisa.

Spana Kumi na Tatu

Lita 100 kwa watu tisa ni kama lita 11 kila mtu, ndoo ndogo. Kila wanapotoa ya moto, ya baridi inaingia kujaza nafasi. Mirija ile ni vioo viwili na katikati hakuna hewa, kwa hiyo hapo fundi hakudanganya, inatunza joto kama chupa ya chai. Lakini chupa ya chai ukiimimina ikaisha, ukajaza maji ya bomba saa tatu usiku, asubuhi utakunywa maji ya bomba. Na saa kumi na mbili na nusu Julai jua lenyewe halijatoka.

Ya hita ndiyo sitamtetea. Kupandisha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 45 kunakula kama uniti tatu na nusu. Betri yako ni ya aina gani?

Mwana Isyesye

Ya maji. Imeandikwa 12V 100Ah.

Spana Kumi na Tatu

Ikijaa pomoni ina uniti moja na pointi mbili, na betri ya aina hiyo ukitaka ikae usiitumie zaidi ya nusu. Nusu hiyo kwa hita ya wati 1,500 ni dakika 24, kama inveta ingekubali, na yako imekataa. Kwa dakika 24 hizo mkwe angepata maji yaliyopanda nyuzi 5. Umeme wa kuchemshia hautoki kwenye betri moja, mkuu. Ile ni ya taa, redio, tivii na kuchaji simu. Yanayochemsha maji ni mirija, na mirija yako inaangalia bodaboda.

Ulanzi Baridi

Kwa hiyo tuseme ukweli, jua nalo saa kumi na mbili na nusu linawahi wapi?

Mwana Isyesye

Mnaona mnavyonifanyia. Sijakataa hesabu. Hesabu sawa. Kusini sawa, mparachichi sawa, wageni tisa sawa. Lakini mtu na akili zake, anajua yuko kwenye simu ya mteja, anasikia mzee anatetemeka pale pembeni, halafu anapiga miayo. MIAYO. Anasema "mzee mzima". Anasema anawahi wapi. Mke wangu alivyoniangalia, wakuu, mpaka sasa natembea kwa pembeni pembeni humu ndani.

Mteja Aliyeridhika (amejiunga leo)

Habari za jukwaa. Mimi ni mteja tu wa kawaida. Nadhani mleta uzi hamtendei haki fundi wetu, ni kijana makini sana na mwaminifu na bei zake ni nafuu na anapatikana muda wote. Kitaalamu, tenki linaweza kuangalia upande wowote kutegemea na mazingira. Na tuwe wakweli, mzee wa umri ule asubuhi yote ile anawahi wapi?

Dada wa Ilomba

FUNDI SHUKA HAPO. Tumekuona.

Sweta Mbili

"Kitaalamu" imemuumbua. Fundi, njoo na bati za Dada ulipie.

Lori la Tunduma

Kajiunga leo, ameridhika leo, umri wa mzee anaujua. Hahaha jukwaa tamu hili. Amepotea tayari, hajibu.

Chumba na Sebule

Nyie mna tenki lenu mnalia. Mimi mwenye nyumba kafunga moja kwa vyumba sita, bomba la moto kalitia KUFULI, ufunguo anao mama mwenye nyumba, na mama anaamka saa mbili baada ya kusali. Kodi kapandisha elfu ishirini kila chumba "kwa ajili ya maji ya moto". Tangu Mei hayo maji nayasikia kwenye hadithi. Tafadhali tujadili hili.

Kapteni Makete

Watu wa Mbeya mnaiita hiyo baridi? Njooni huku Julai, asubuhi nyasi nyeupe zinakatika mguuni kama chipsi. Jirani yangu alifunga ile ya bapa yenye mabomba ya shaba ndani, sio ya mirija. Usiku maji yakaganda humo ndani, asubuhi bomba limepasuka, maji yanatiririka darini. Yeye hakuandika uzi. Alichukua kuni.

Mke wa Mwalimu

Makete kila mada ni lazima mtuambie mna baridi. Tumeshajua.

Yangu mimi fundi aliiacha mirija mitupu juani asubuhi nzima, akaenda kula, karudi saa saba akafungulia maji ya baridi. Pa! Pa! Pa! Nane zimepasuka kama bisi. Akasema kiwandani wamekosea. Sijalipwa mpaka leo.

Chumba na Sebule

Jamani na kufuli langu?

Kijana wa Mbagala

Huku Dar bomba la baridi linatoa ya moto, bure, bila fundi. Mnateseka kwa kupenda milima.

Pembe za Umeme

Nchi ina Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, na bado mtu anachemsha maji kwa vioo juu ya bati. Vuta umeme, weka hita ya bafuni, oga.

Sweta Mbili

Hita ya bafuni ikae mwezi mzima, watu tisa, uone kama utabaki chini ya uniti 75 za bei nafuu. Utaitupa mwenyewe. Luku inakimbia kama inafukuzwa na polisi.

Upande wa Pili

Samahani jamani, mimi msomaji wa kimya kimya. Hicho kikao cha Iyunga nilikuwepo, sisi ndio upande wa pili. Mzee alifika saa tatu na robo, kavaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Hakuivua. Hata wakati wa sala hakuivua. Tukadhani ni heshima ya kimila tusiyoijua, ikabidi wazee wetu nao wavae zao. Nyuma ya sikio palikuwa na kitu cheupe, shangazi akasema ni dawa.

Ulanzi Baridi

HAPANA. HAPANA. Mimi natoka. Nimeaga kazini.

Dada wa Ilomba

Mahari mlikubaliana?

Upande wa Pili

Alipunguza mwenyewe bila kuombwa. Alionekana ana haraka.

Lori la Tunduma

Kumbe kweli alikuwa anawahi.

Mwana Isyesye

Namheshimu kila mtu humu lakini nawaomba muache. Mzee bado yuko kwangu, yuko sebuleni na kofia yake, ananiangalia tu. Kesho naenda kumtafuta huyo fundi mpaka kwenye kijiwe chake na atapanda mwenyewe ageuze tenki mbele yangu.

Spana Kumi na Tatu

Kabla hajageuza, kata hayo matawi. Kulizungusha kwenda kaskazini huku mparachichi upo pale pale ni kumpa kazi mara mbili.

Shamba Rungwe

Msiukate kwanza. Mkuu, hiyo parachichi ni Hass au ya kienyeji? Nimeikuza picha naona imezaa.

Mwana Isyesye

Sijui. Ngozi yake ina vipele, ikiiva inakuwa nyeusi.

Shamba Rungwe

Hiyo ni Hass. Dalali akikujia na ndoo yake ya kupimia mfukuze, ile ndoo imetanuliwa matako. Uza kwa kilo tu.

Mke wa Mwalimu

Usiniguse kwenye madalali wa parachichi. Mwaka jana kuna mmoja, simtaji, mnamjua, mwenye Noah nyeupe, aliniambia kilo zangu ni "kilo za mvua" akakata robo...

Kapteni Makete

Huyo! Alinifanyia hivyo hivyo kwenye viazi!

Sweta Mbili

Yule mwenye Noah ananidai sweta au namdai? Fungueni uzi wake.

Shamba Rungwe

Mwana Isyesye, una kama debe ngapi hapo juu? Nipo Uyole kesho asubuhi na mizani yangu.

Mwana Isyesye

Nne hivi, labda tano. Asubuhi saa ngapi?

Shamba Rungwe

Saa kumi na mbili na nusu.

Mwana Isyesye

Njoo inboksi.